Kwa Nini Umbo Lisifungwe Kwenye Wavu

Vilima vya mawe vinavyolizunguka jiji la Dodoma ni mtihani mgumu kwa yeyote anayetaka kuvitia kwenye kompyuta. Jiwe la graniti lenye ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jingine kwa kugusana mahali pasipozidi upana wa meza. Chini yake kuna pango, ubavuni kuna ufa uliojaa udongo na mizizi, na upande wa chini mteremko umekwisha kukatwa kwa sababu mtu anachimba msingi. Mhandisi akiulizwa kama jiwe hilo litabaki mahali pake baada ya msingi kuchimbwa, ataigeukia mbinu ya elementi finaiti, ambayo hukigawa kitu kizima katika vipande vidogo vingi, huandika milinganyo ya usawa wa nguvu kwa kila kipande, kisha huiunganisha milinganyo hiyo na kuitatua yote kwa pamoja. Ila kabla ya hesabu yoyote kuanza, programu itamdai kitu kimoja, nacho ni wavu, yaani mtandao wa vipande hivyo vilivyoungana. Na kwa desturi tuliyofundishwa wengi wetu, wavu huo sharti uufuate mwili wa jiwe, pango na ufa, kona kwa kona.

Msimamo wangu ni kwamba sharti hilo limetokana na historia zaidi ya hisabati. Umbo la kitu ni taarifa kuhusu dunia, na wavu ni chombo cha kazi. Kuvifunga viwili hivyo pamoja kulikuwa na maana pale mbinu ilipozaliwa, lakini katika kazi nyingi za ukanda huu wa kati wa Tanzania, ambako umbo halitoki kwenye meza ya mchoraji bali kwenye mashimo ya utafiti, picha za droni na daftari la mwanajiolojia, kifungo hicho kinatuletea hasara ambayo wenzetu wa viwandani hawaioni kwa kiwango kilekile.

Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant alichapisha makala iliyoonyesha jinsi tatizo la kusokotwa kwa nguzo linavyoweza kukadiriwa kwa kuugawa uso wa mkato wake katika pembetatu na kuchukulia kwamba ndani ya kila pembetatu jibu hubadilika kwa mstari ulionyooka. Wahandisi walifika huko kwa njia yao wenyewe: mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha kazi kuhusu ukakamavu wa miundo ya ndege, na mwaka 1960 Clough akaipa mbinu jina inalobeba hadi leo. Inafaa kukumbuka kwamba kitu kilichokuwa mezani ni bawa la ndege. Bawa lina mbavu, mihimili na mabati, kila kimoja kimechorwa na binadamu na kukatwa kiwandani kwa kipimo kinachojulikana. Kipande cha hesabu kilikaribia kuwa kipande cha bati. Aliyechora umbo na aliyehesabu mkazo walikaa jengo moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama umbo na wavu ni mambo mawili.

Ni mambo mawili kwa sababu wavu unaolifuata umbo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, hueleza mahali kitu kinapoishia. Pili, hubeba namba tusizozijua, kama vile msogeo wa kila fundo (pale kona za vipande zinapokutana) au kimo cha maji katika kila fundo, ambazo ndizo hesabu inazitafuta. Kazi ya kwanza hutaka vipande vidogo pale umbo linapojikunjakunja, na ya pili huvitaka pale jibu linapobadilika kwa ghafla. Sehemu hizo mbili hukutana mara chache kuliko tunavyodhani. Uso wa jiwe letu una mabonde na chunusi zisizo na idadi upande wa jua, ambako hakuna mkazo wowote wa maana, lakini wavu unaolifuata umbo utatumia maelfu ya vipande huko ili tu usiidanganye sura ya jiwe. Wakati huohuo pale mawe mawili yanapogusana, penye mkazo wote, umbo ni sahili na vipande vya wavu vinaweza kuwa vikubwa kupita kiasi bila mtu kushtuka.

Kisha lipo suala la afya ya vipande vyenyewe. Pembetatu nyembamba kama unyasi huharibu ukadiriaji, na katika pande tatu, yaani urefu, upana na kimo kwa pamoja, mambo huwa mabaya zaidi. Kanuni ya Delaunay ya mwaka 1934, ambayo katika uso bapa hutoa pembetatu nzuri kuliko zote kwa kipimo cha pembe ndogo, ikipelekwa kwenye pande tatu huacha vipande bapa kama chapati, vyenye pembe nne karibu katika uso mmoja na ujazo karibu na sifuri, ingawa kingo zake zote zina urefu wa kuridhisha. Kuvisaka na kuviondoa vipande hivyo ni kazi ya mtu, na mtu huyo hulipwa. Hughes, Cottrell na Bazilevs, katika makala yao ya mwaka 2005, walitaja makadirio kwamba katika viwanda vya magari, ndege na meli takribani asilimia 80 ya muda wote wa uchambuzi huishia kwenye kutengeneza wavu. Dawa waliyoipendekeza wao ilikuwa kuigeuza michoro ya kompyuta kuwa ndiyo wavu wenyewe, yaani mikunjo laini anayoitumia mchoraji itumike moja kwa moja katika hesabu. Ni fikra nzuri na imezaa matunda mengi, lakini ni dawa ya mwenye mchoro. Mwamba wa Dodoma hauna mchoro.

Nakumbuka kazi moja ya miaka yangu ya mwanzo. Nilikaa majuma matatu na wavu wa mteremko wenye mawe, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa hesabu bali kusafisha: nyuso zilizopishana, matundu yaliyobaki kati ya uso mmoja na mwingine, pembe zilizokataa kukutana. Siku mbili kabla ya kuwasilisha, mwanajiolojia alikuja na kumbukumbu za shimo jipya lililoonyesha kwamba upande wa mashariki mwamba mgumu ulikuwa mita sita chini ya pale tulipoudhania. Mita sita zilitosha kubadili jibu. Mkuu wa kazi akashauri taarifa hiyo isubiri awamu ya pili, nami nikakubali bila kubisha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nimelitafakari jambo lile mara nyingi tangu wakati huo. Majuma matatu ni hasara ya kawaida ya kazi, lakini kuikataa taarifa sahihi kwa sababu tu wavu umekwisha kufumwa ni kasoro ya aina nyingine, na siamini kwamba ni mimi peke yangu niliyewahi kuitenda.

Njia ya kuvitenganisha viwili hivi ni rahisi kuieleza. Tunachukua sanduku kubwa linalolimeza jiwe lote na kuligawa katika gridi ya michemraba iliyo sawa, bila kujali jiwe limekaaje ndani yake. Umbo tunaliandika mahali pengine kabisa, kama kanuni inayopokea nukta yoyote na kurudisha namba moja: umbali kutoka nukta hiyo hadi kwenye uso ulio karibu zaidi, ukiwa hasi kwa nukta iliyo ndani ya jiwe, chanya kwa iliyo nje, na sifuri kwa iliyo usoni penyewe. Osher na Sethian waliipa fikra hii nguvu mwaka 1988 walipoitumia kufuatilia nyuso zinazosogea. Uzuri wake ni kwamba maumbo hujumlishwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Kuunganisha mawe mawili ni kuchukua namba ndogo kati ya mbili. Kulitoboa jiwe kwa shimo ni kuchukua namba kubwa kati ya ile ya jiwe na ile ya shimo iliyogeuzwa alama. Kisima cha wima hakihitaji zaidi ya umbali kutoka kwenye mhimili wake ukiondoa nusu kipenyo. Baada ya michanganyiko ya namna hii namba inayopatikana si lazima iwe tena umbali halisi kila mahali, na anayehitaji umbali halisi atalazimika kuirekebisha, lakini alama yake ya ndani na nje hubaki sahihi, na kwa kazi nyingi hiyo ndiyo inayotakiwa.

Mvuvi wa bwawa la Mtera hafumi wavu kwa kufuata mkunjo wa mgongo wa perege. Huufuma kwa macho yaliyo sawa, akachagua ukubwa wa macho kwa kuzingatia samaki anayemtafuta, na ni samaki ndiye anayeamua atanaswa kwenye jicho lipi. Katika hesabu yetu kila mchemraba ni jicho: jicho lililo zima ndani ya jiwe ni rahisi, jicho lililo nje kabisa hutupwa, na kazi yote iliyobaki iko kwenye macho yanayokatwa na uso wa jiwe.

Hapo ndipo wengi hukosea njia. Wapo wanaoamua kwamba kila jicho lenye sehemu kubwa ndani lihesabiwe kuwa la ndani, na mengine yatupwe, kisha wakaridhika kwamba macho yakiwa madogo ya kutosha kosa litapotea. Kwa ujazo, kosa hupungua kweli. Kwa uso halipungui. Chukua mteremko wa nyuzi 45 na uujenge kwa ngazi: urefu wa ngazi hizo, ukihesabu kila hatua ya mlalo na ya wima, ni karibu asilimia 41 zaidi ya urefu wa mteremko wenyewe, na utabaki hivyo hata ngazi zikiwa ndogo kama punje za mtama. Ikiwa tatizo lako linahusu kitu kinachopita usoni, kama vile joto linalotoka ukutani, maji yanayovuja kwenye kingo, au msuguano kati ya mwamba na zege, umepata jibu lenye kosa ambalo hakuna kompyuta itakayoliondoa. Mkazo nao hujirundika kwenye kona za ngazi, kona ambazo Mungu hakuziweka kwenye jiwe.

Kwa hiyo jicho lililokatwa sharti lihesabiwe kama lilivyokatwa. Hapa kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha suala zima, na ambalo vitabu hulipita haraka. Ili kujua mchango wa jicho lililokatwa tunahitaji kujumlisha juu ya sehemu yake iliyo ndani ya jiwe, na njia ya kawaida ni kuigawa sehemu hiyo katika pembetatu au vipande vyenye nyuso nne. Msomaji makini atasema kwamba tumerudi kulekule kwenye wavu unaolifuata umbo. La, hatujarudi. Vipande hivi vya kujumlishia havibebi namba yoyote ya kutafutwa. Vinaweza kuwa vyembamba kama unyasi, vinaweza kukosa kuungana na vya jicho la jirani, na hakuna kitakachoharibika, kwa sababu wembamba wa kipande huharibu ukadiriaji wa jibu lakini hauharibu ujumlishaji. Ule usafi wa pembe uliotutoa jasho kwa majuma matatu haudaiwi hapa. Kompyuta huvitengeneza vipande hivyo peke yake, huvitumia mara moja, na kuvisahau.

Fikra ya kuacha kitu kielee ndani ya gridi isiyokijali ni ya zamani. Charles Peskin aliitumia mwaka 1972 kuhesabu mtiririko wa damu kuzunguka vali za moyo, kwa sababu vali hufunguka na kufunga na hakuna wavu unaoweza kuifuata kwa adabu. Mwaka 1999 Belytschko, Black, Moës na Dolbow walionyesha jinsi ufa unavyoweza kukua ndani ya wavu bila wavu kubadilishwa, kwa kuyaongezea mafundo yaliyo jirani na ufa uwezo wa kuelewa kwamba kitu kimetengana. Mwaka 2002 Anita Hansbo na Peter Hansbo walitoa msingi wa kihisabati kwa mpaka kati ya vitu viwili unaokatiza ndani ya vipande, na mwaka 2007 Parvizian, Düster na Rank wakaja na mbinu ambayo hukijaza chumba chote cha nje kwa kitu dhaifu mno, kisichokuwa na uzito wowote katika jibu, kisha hutegemea ujumlishaji makini kwenye mpaka. Mbinu hii ya mwisho hufaa sana mifupa, kwa kuwa picha za CT, yaani eksirei za pande tatu za hospitalini, zenyewe huja katika vijichemraba na mpaka wa mfupa hausomwi kwenye mchoro wowote.

Sasa nifike kwenye gharama, kwa maana hakuna kilichotolewa bure. Anayeijua historia ya upimaji wa viwanja katika jiji hili ataielewa mara moja. Mpimaji huchora viwanja kwa mistari iliyonyooka, lakini korongo halisomi ramani, hivyo mahali fulani mstari wa korongo hupita ndani ya kiwanja na kukiacha kipande cha pembeni kisichotosha hata banda la kuku. Kisheria ni kiwanja, lakini kwa matumizi si chochote. Gridi nayo huzaa vipande vya namna hiyo: jicho ambalo elfu moja ya eneo lake tu ndiyo imo ndani ya jiwe. Fundo lililo upande wa mbali wa jicho hilo lina namba inayotafutwa kama mafundo mengine yote, ila karibu hakuna kitu kinachoishikilia. Namba hiyo huweza kwenda popote bila milinganyo kulalamika. Kwa vipande sahili vya pande mbili, mabaki ya elfu moja yanaweza kuufanya mfumo wa milinganyo uwe mwepesi wa kuyumba mara milioni moja zaidi, kwa kuwa hali hiyo huzidi kwa mraba wa uwiano. Programu ya kutatua milinganyo itazunguka usiku kucha na asubuhi utaikuta haijafika.

Tiba zipo, na zinafanana na zile za ofisi ya ardhi. Ya kwanza ni kukiunganisha kipande kidogo na kiwanja cha jirani kilicho kizima, ili namba zake zisiwe huru bali zifuate za jirani. Ya pili, ambayo Erik Burman aliieleza mwaka 2010, huacha kipande kisimame peke yake kisheria lakini hukitoza faini kila kinapotofautiana kwa ghafla na jirani yake kwenye ukingo wanaochangia. Faini hiyo huenea hadi sehemu ya jicho iliyo nje ya jiwe, ambako hakuna kitu, na ndiyo maana wahusika hupenda kuiita ya kimzimu. Nimezijaribu zote mbili. Kuunganisha hunipendeza kwa sababu hakuna namba ya kuchagua, ilhali faini huhitaji kiwango: ikiwa ndogo mno haisaidii, ikiwa kubwa mno jibu hukakamaa mpakani. Wanaopendelea faini husema ni rahisi zaidi kuiandika katika programu iliyokwisha kuwapo, na katika hilo wana haki.

Gharama ya pili iko kwenye masharti ya mpakani. Katika wavu unaolifuata umbo, ukitaka kusema kwamba uso wa chini hausogei, unayashika mafundo yaliyo juu ya uso huo na kuyapa sifuri, kama mtu anavyomfunga mbuzi kwenye kigingi. Katika gridi isiyojali umbo, mpaka hupita katikati ya macho na hakuna kigingi juu yake. Jibu la suala hili lilikuwapo tangu mwaka 1971, alipolitoa Joachim Nitsche: sharti lisifungwe kwenye mafundo bali liandikwe ndani ya milinganyo yenyewe, kwa kuongeza sehemu inayorudisha uwiano wa nguvu mpakani na nyingine inayoadhibu kila tofauti kati ya jibu na thamani inayotakiwa. Ikifanywa sawasawa, usahihi haupungui. Isipofanywa sawasawa, na hasa pale jicho lililokatwa ni dogo, adhabu hulazimika kuwa kubwa mno na ule udhaifu wa kipande kidogo hurudi kwa mlango mwingine. Tiba hizi mbili, ya vipande vidogo na ya masharti, hazina budi kwenda pamoja, na mtu anayeisoma moja akaiacha nyingine atashangaa kwa nini hesabu yake inafanya kazi Jumatatu na kuanguka Jumanne baada ya kuisogeza gridi sentimita tatu.

Nimesema umbo la huku kwetu hutoka kwenye mashimo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambalo visima vyake ndivyo vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi. Maji yale yamo ndani ya graniti iliyochakaa na kupasuka, juu ya graniti ngumu isiyopitisha. Mpaka kati ya iliyochakaa na ngumu haujaonwa na mtu. Unajulikana pale tu palipochimbwa, na katikati ya shimo na shimo unakisiwa. Kila kisima kipya hukisogeza kisio hicho. Kwa mwenye wavu unaoufuata mpaka, kila kisima kipya ni wavu mpya. Kwa aliyeliandika umbo kama kanuni, kisima kipya ni mstari mmoja unaoongezwa kwenye jedwali, namba za umbali hukokotolewa upya kwa muda wa kunywa chai, na gridi hukaa kama ilivyokuwa.

Bonde hilo lina mpaka mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni uso wa maji wenyewe chini ya ardhi. Kumbukumbu za kina cha maji Makutupora zilianza katika miaka ya 1950, na uchambuzi wa miaka 55 ya kumbukumbu hizo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka bali kwa vishindo, katika misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikiwa miongoni mwake. Kati ya kishindo kimoja na kingine kimo cha maji hushuka miaka kwa miaka. Maana yake kwa hesabu ni kwamba mpaka wa juu wa eneo lenye maji husogea mita nyingi, na mahali ulipo ni sehemu ya jibu linalotafutwa, si sehemu ya taarifa tuliyopewa mwanzoni. Wavu uliofungwa kwenye uso huo sharti unyooshwe na kuminywa pamoja nao, hadi vipande vya juu viwe bapa na hesabu ikwame. Ndiyo sababu wengi huamua kuuchukulia uso huo kana kwamba haukusogea. Kwa gridi isiyojali umbo, uso wa maji hupanda kutoka jicho moja hadi jingine kama unavyopanda kwenye kuta za kisima, na hakuna kinachonyooshwa.

Ingekuwa upotoshaji kuishia hapo bila kutaja mahali ambapo wavu wa kufuata umbo bado ni bora. Upepo au maji yanayopita kasi juu ya uso huwa na tabaka jembamba sana lililong'ang'ania uso, na ndani ya tabaka hilo kasi hubadilika haraka kuelekea nje lakini polepole sana kwa urefu. Vipande virefu vilivyolala sambamba na uso huliona tabaka hilo kwa gharama ndogo. Macho yaliyo sawa pande zote huhitaji kuwa madogo kila upande, na idadi yake hutisha. Hesabu ni hii: sanduku la kilometa moja kwa kilometa moja kwa mita 200, likigawanywa kwa macho ya mita 10, lina macho 200,000. Ukishuka hadi mita 5, yanakuwa 1,600,000. Inawezekana kuyagawa yale yanayokatwa na mpaka peke yake na kuyaacha mengine makubwa, na ndivyo inavyofanywa na kila mtu mwenye akili timamu, lakini kwa tabaka jembamba hata hilo halitoshi. Vilevile nguzo na boriti za jengo la kawaida pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hazihitaji lolote kati ya haya. Umbo lake ni sahili, limechorwa, na halibadiliki.

Isieleweke pia kwamba umbo likitengwa na wavu basi wavu unaweza kuwa wa hovyo. Tarehe 23 Agosti 1991 jukwaa la mafuta la Sleipner A lilizama katika hori karibu na Stavanger, Norwe, wakati wa majaribio ya kulishusha majini. Uchunguzi uligundua kwamba katika kuta za zege zinazokutana kwa pembe tatu, hesabu ya elementi finaiti ilikadiria mkazo wa kukata kwa upungufu wa asilimia 47, kwa kuwa vipande vilikuwa vikubwa na vimepotoka umbo ili vienee kwenye kona ile. Hesabu makini iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62, na ulivunjika kwenye mita 65. Mtetezi wa gridi isiyojali umbo atasema kwamba kupotoka kule kulitokana na kulazimisha vipande viishike kona. Ni kweli kwa sehemu. Lakini gridi yenye macho makubwa mahali pale ingekosea vilevile, kwa sababu nyingine. Faida ya kutenganisha ni kwamba kuyapunguza macho penye kona ni amri moja, wala hakulazimishi mtu kulichora upya jukwaa zima, hivyo mhandisi aliyechoka hana kisingizio cha kutokujaribu mara ya pili.

Uchumi wake nao una uzito huku kwetu. Programu kubwa za kibiashara za kutengeneza wavu huuzwa kwa leseni za mwaka ambazo ofisi ndogo ya uhandisi haiwezi kuzilipa bila kuumia, na ujuzi wa kusafisha nyuso hujifunzwa kwa miaka, kisha huondoka na mtu anapohama kazi. Kwa upande mwingine maktaba huria kama deal.II na FEniCS hupatikana bila malipo, na ile ya kwanza ina somo zima la jinsi ya kutatua tatizo juu ya vipande vilivyokatwa. Gridi ya macho yaliyo sawa huhitaji kumbukumbu ndogo ya kompyuta kwa sababu mahali pa kila fundo hujulikana kwa kuhesabu tu, bila orodha. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuandika toleo la pande mbili kwa juma moja, likiwa na kanuni ya umbali, ujumlishaji na faini. Ningependa kozi zetu zianze hapo, kabla mwanafunzi hajazoea kuamini kwamba wavu ndio jiwe.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote huonekana pale tunapokiri kwamba umbo hatulijui kwa uhakika. Ikiwa kina cha mwamba mgumu kati ya mashimo mawili kinaweza kuwa popote kati ya mita 40 na 70, jibu la uaminifu haliwezi kutoka kwenye umbo moja. Ni lazima tuhesabu kwa maumbo mia mbili yanayokubaliana na mashimo yote, kisha tuangalie majibu yamesambaa kiasi gani. Kwa mwenye wavu uliofungwa kwenye umbo, huo ni ushonaji wa nyavu mia mbili, na kwa kuwa kila wavu una makosa yake, hatajua tofauti anayoiona imetoka kwenye mwamba au kwenye wavu. Katika kielelezo changu cha mazoezi cha bonde la graniti, gridi ni ileile tangu mwaka juzi. Maumbo hupita juu yake moja baada ya jingine, yakianza jioni. Asubuhi huwa ninazo picha za mahali ambapo maumbo yote yanakubaliana kina cha maji, na mahali ambapo hayakubaliani hata kidogo. Hapo pa mwisho ndipo huwa naweka alama ya shimo linalofuata kuchimbwa.